Tomsoni wa mlango wa bluu, soko la Kenya: nyota nne, ya tano bado nimeishika

Nianze na onyo kwa wasomaji wa mbali: Kenya ninayoitaja hapa ni komine, yaani mtaa, ya Lubumbashi, Kongo, si nchi ya Nairobi. Ukishuka teksi-basi pale sokoni, ukawapita wauza makala (makaa) na akina mama wa lengalenga, utaona mlango wa chuma uliopakwa bluu ambayo imeanza kubabuka. Ni duka la samaki wa kugandishwa. Hakuna bango. Watu wanasema tu "kwa mlango wa bluu". Ndani kuna chambre froide (vyumba vya kugandishia) mbili, mizani moja, kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, na kijana anayevaa koti zito hata mwezi wa Oktoba, wakati sisi wengine tunayeyuka.

Mimi ni mama wa malewa, yaani mgahawa mdogo, komine ya Katuba. Meza nne, bukari (ugali), sombe (kisamvu), maharagwe na samaki. Samaki wangu ni tomsoni, kwa sababu kapenta wa Tanganyika siku hizi anapimwa kama dhahabu, makayabu, samaki wa chumvi, inataka usiku mzima wa kulowekwa, na samaki mbichi wa Kasenga, kwenye mto Luapula, akinifikia huku anakuwa na bei ya ng'ombe. Tomsoni anakaa katikati. Ana nyama, ana mafuta, mwanafunzi anaweza kununua nusu na fundi akamla mzima. Nafungua katoni mara mbili kwa wiki, na kwa mlango wa bluu nina miaka miwili sasa.

Kabla ya hapo nilikuwa mteja wa mahali pengine ambapo sitapataja, maana mwenyewe ni mtu wa kanisani kwetu. Wiki moja umeme ulikatika siku mbili. Yule bwana akaona mafuta ya jenereta ni ghali, akaiacha ilale. Samaki wakayeyuka, umeme ukarudi, wakaganda tena, nami nikauziwa. Dalili niliziona, ndiyo maana najilaumu hadi leo: katoni ilikuwa imebonyea upande mmoja, barafu ya chini ilikuwa na rangi ya waridi, na samaki walikuwa wameshikana na kulala bapa kama nguo zilizopigwa pasi. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi na wateja wanakuja saa sita. Nikakaanga. Nikakaanga sana, mafuta yakilia.

Saa nane wateja watatu walikuwa na nyuso nyekundu, shingo zinawawasha, vichwa vinawagonga. Mmoja, fundi baiskeli, alianza kuulizana na wenzake ni nani amemroga. Nesi wa zahanati ya jirani ndiye aliyetuokoa na maneno hayo. Akasema samaki wa namna hii, tomsoni, makreli, jodari, wakikaa kwenye joto, vijidudu hugeuza kitu kilichomo ndani ya nyama yao kuwa histamini, na histamini haifi kwa moto. Unaweza kumkaanga samaki mpaka awe mkaa, yenyewe ipo inakusubiri. Kinga ni moja tu, asipate joto tangu anatoka majini.

Tangu siku hiyo nikienda dukani nanunua baridi kwanza, samaki baadaye. Tathmini hii, basi, ni tathmini ya baridi.

Na baridi ya mlango wa bluu iko sawasawa. Kila chambre froide ina kipimajoto kinachosomeka kwa nje, na kila nikiangalia kiko kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au chini zaidi. Siku moja umeme ulikatika nikiwa palepale na katoni mkononi. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilifika 41, grupu, yaani jenereta, ikanguruma nyuma ya ukuta. Kijana hakunyanyua hata kichwa. Hilo peke yake lilinifanya nirudi.

Sasa samaki mwenyewe. Katoni ni za kilo 10, na ubavuni zimeandikwa 20+ au 25+, yaani urefu wa samaki kwa sentimita. Kwa malewa chukua 20+, mmoja anajaa sahani bila kuning'inia. Chini ya hapo kumeandikwa jina lake la kisayansi, Trachurus capensis, na kwamba alivuliwa Namibia na kugandishwa melini. Maandishi hayo niliyapita miaka minne bila kuyasoma. Aliyenifanya niyasome ni kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku, ambaye anaendesha lori la friji.

Yaya hupakia Walvis Bay. Anavuka Namibia yote mpaka Katima Mulilo, anapita daraja la Zambezi lililofunguliwa mwaka 2004, anaingia Zambia kwa Sesheke, Livingstone, Lusaka, anapanda Copperbelt, kisha mpaka wa Kasumbalesa, na foleni ya Kasumbalesa kila mtu hapa anaijua. Ni zaidi ya kilomita 2,000, na injini ya friji hailali hata dereva akilala. Aliporudi safari ya kwanza nilitarajia hadithi za bahari ya joto, minazi, watu wanaogelea kama kwenye picha za Mombasa. Akacheka. "Ile mayi (maji) iko baridi sawa bière (bia)," akasema. "Asubuhi ukungu, hauone hata lori ya mbele. Na nyuma yako jangwa." Alinunua sweta mbili kulekule.

Mimi nilidhani ananitania. Bahari ya Afrika, na iwe na baridi? Binti yangu, ambaye yuko mwaka wa pili wa biolojia, ndiye aliyenieleza, na alinieleza kwa kutumia sufuria yangu, kwa hiyo nami nitawaeleza hivyohivyo.

Chukua sufuria pana ya supu iliyotulia, mafuta yameelea juu. Puliza juu juu. Mafuta yanakimbilia upande wa pili, na hapa karibu na mdomo wako supu ya chini inapanda kuziba nafasi. Pwani ya Namibia, anayepuliza ni upepo wa kusini unaofuata ufuko kuelekea kaskazini, karibu mwaka mzima. Kwa kuwa dunia inazunguka, upande wetu wa kusini mwa ikweta maji ya juu hayaendi sawasawa na upepo, yanapinda kushoto kwake. Kushoto pale ni magharibi, bahari kuu. Maji ya juu yanaondoka ufukoni, na ya chini, kutoka mita mia na zaidi, yanapanda kushika nafasi yao. Yanapanda na baridi yake. Pale Lüderitz, kusini mwa Walvis Bay, ndipo yanapopanda kwa nguvu kuliko kwingine. Mkondo wote unaitwa Benguela, kwa jina la mji wa Angola, na baridi hiyo ndiyo inayoifanya pwani iwe na ukungu bila mvua. Hewa iliyopozwa kwa chini haina nguvu ya kupanda ikawa wingu la maana. Bahari moja inalisha samaki na kuinyima nchi mvua.

Maji ya chini hayaji mikono mitupu. Yana mbolea: naitreti, fosfeti, silika, vitu vilivyozama na kuoza kule gizani kwa miaka. Yakifika kwenye jua, mimea midogo isiyoonekana kwa macho inaripuka kama magugu baada ya mvua ya kwanza ya Novemba. Wadudu wadogo wa majini wanaila, tomsoni anawala wadudu. Duniani pwani kubwa za namna hii ni nne: California, ile ya Peru na Chile, ile ya Moroko hadi Senegali, na hii yetu ya Benguela. Zote pamoja hazifiki asilimia 2 ya eneo la bahari, lakini kama sehemu moja kati ya tano ya samaki wa baharini wanaovuliwa inatoka huko. Mafuta ninayoyaona yakielea kwenye karai langu ninapomkaanga huyu samaki yalianzia kwenye upepo ule.

Kwa hiyo ninapomsifu mlango wa bluu kwa baridi yake, maana yangu ni kwamba samaki aliyezaliwa kwenye baridi, akasafiri kwenye baridi, amefikishwa sokoni Kenya bila mtu kuikata. Mwenye duka anapowasha grupu kabla sijafika hamsini anamalizia kazi aliyoianza upepo wa Lüderitz. Mwambieni, labda atapunguza bei.

Nyama: ngumu kiasi, haimong'onyoki, inaachana na mfupa ukiwa umeyeyusha vizuri. Kuyeyusha vizuri ni kumtoa usiku na kumweka kwenye beseni ndani ya friji, au chini ya kivuli na barafu yake yenyewe. Kumtupa juani "apate kulainika" ni kurudi kwa yule fundi baiskeli. Ubavuni ana msumeno wa magamba magumu kutoka shingoni hadi mkiani. Usiupare, uingize kisu chini ya mkia na uuvute wote kwa mkupuo. Wateja wengine wanasema unachoma ulimi, nami nawajibu kwamba waliuziwa na mvivu. Kisha mikato mitatu kila upande, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, saa moja, mafuta ya moto. Basi. Anayemtia mchuzi wa nyanya juu ya samaki mzuri hivi ana jambo anataka kulificha.

Binti yangu ana somo jingine analolipenda zaidi, la kaboni, na siku ya kwanza alipolianza nilimwambia asinichoshe. Akanionyesha mbabula, jiko la makaa. Akasema, Mama, ule moshi wa makala yako haukai wote hewani. Gesi ya kaboni inayotoka kwenye mbabula, magari na viwanda vya watu wote duniani, karibu robo yake inaingia baharini. Ile mimea midogo inaila ikiwa juani, kama mti unavyofanya. Kisha mdudu anaula mmea, tomsoni anamla mdudu, na anachokitoa tomsoni kinazama. Hata yeye mwenyewe ni kama mtu wa lifti mgodini: mchana anashuka karibu na sakafu ya bahari, usiku anapanda kula, alfajiri anashuka tena na kaboni tumboni. Sehemu yake inabaki kule chini muda mrefu mno. Bahari imeshika kaboni kama mara 50 ya ile iliyo hewani.

Nikamuuliza, basi, kwa nini tuna wasiwasi, si bahari inatusafishia? Akanijibu kwamba sufuria inayopandisha supu ya chini inapandisha pia gesi ya zamani iliyolala humo. Kwa hiyo pwani ileile ya Benguela kuna mahali inavuta gesi na kuna mahali inairudisha hewani. Hilo nililielewa upesi. Hata daftari langu la madeni liko hivyo.

Yaya aliongeza la harufu. Asubuhi moja Walvis Bay mji mzima ulinuka yai viza, na bahari kwa mbali ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa kijani. Alidhani lori lake limeharibika na samaki wameoza. Watu wa bandarini wakamwambia atulie, ni bahari inapiga mbweu. Mimea ikiwa mingi kuliko walaji, inazama ikiwa haijaliwa, inaoza kwenye tope, oksijeni inakwisha, na vijidudu vya tope vinatengeneza gesi ya salfa ambayo siku nyingine inapanda hadi juu. Kwenye tope hilohilo wanasayansi walimkuta mwaka 1997 bakteria mkubwa mno, Thiomargarita namibiensis, anayeonekana kwa macho matupu kama nukta nyeupe. Anaishi kwa kuila salfa hiyo. Binti yangu anamzungumzia kama wenzake wanavyozungumzia wachezaji wa Mazembe.

Sasa malalamiko, maana nyota moja nimeishika na lazima niseme kwa nini.

La kwanza ni dogo: ukitaka kuona samaki kabla ya kulipa, kijana anasema, "Uza kwanza, mama, njo nifungue." (Wasomaji wa mbali: huku kwetu kuuza ni kununua, na kuuza kwenu ni kuuzisha kwetu. Msidhani alinipa kazi.) Ilinichukua mwezi kumzoesha. Sasa ananifungulia, lakini mteja mgeni hafunguliwi, na si haki. Mgeni ndiye anayehitaji kuona zaidi.

La pili: dola yenye mchaniko wa ukubwa wa punje ya mchele hawaipokei. Najua mji mzima uko hivyo. Bado inaniuma.

La tatu: bei. Ni dola moja zaidi kwa kila katoni ukilinganisha na wengine wa sokoni. Hii nailipa bila kinyongo, ndiyo gharama ya ile grupu, ila naitaja kwa wale wanaohesabu.

La nne si kosa la duka. Niliwahi kuuliza kama wana sardini wa Namibia, maana marehemu baba alikuwa akiwapenda wa kopo. Kijana hakujua naulizia nini. Binti yangu alijua. Mwaka 1968 meli zilivua pwani ile karibu tani milioni 1.4 za sardini, na miaka ya 70 hesabu ikaanguka, haijasimama tena. Mahali pa sardini palijazwa na yavuyavu, wale viumbe wenye utelezi kama bamia, wengi kiasi kwamba nyavu zilitoka zimejaa wao. Mwaka 2018 serikali ya Namibia ilisimamisha kabisa uvuvi wa sardini. Tomsoni alibaki, na ndiye mzigo mkubwa wa nyavu zao leo.

Nilipoisikia hadithi hiyo nilimkumbuka babu, mtu wa Kasenga. Alikuwa akisimulia mpumbu, samaki wa mto Luapula, jinsi walivyopanda mto kwa maelfu mvua zikianza, kwenda kutaga, na jinsi wafanyabiashara walivyotega nyavu njiani na kuwaleta kwa malori ya barafu kulisha wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu walikuwa karibu wamekwisha. Babu hakuwa na neno la kisayansi. Alisema walikamatwa wakiwa wanaenda kuzaa, na akanyamaza. Kwa hiyo tomsoni akipanda bei mwezi fulani kwa sababu serikali ya Namibia imepunguza mgao wa kuvua, mimi silalamiki kwa sauti. Nalalamika polepole.

Halafu kuna miaka ambayo upepo unalegea na maji ya moto ya Angola yanateremka kusini, kama 1984 na 1995. Baridi inakimbia na samaki wanatawanyika. Nilipomuuliza Yaya miaka hiyo madereva walipakia nini, akaniambia alikuwa bado mtoto, nimuulize mwingine.

La tano ndilo lililoishika nyota. Maji ya kuyeyukia samaki na ya kuoshea sakafu, yenye damu na magamba, wanayatoa kwa bomba hadi mfereji wa wazi mbele ya mama anayeuza mandazi. Saa tano ya jua hapo huwezi kusimama. Duka linalojali baridi ndani kiasi hicho, nje linafuga nzi. Na msiseme ni mfereji tu. Mfereji unaingia mto Lubumbashi, Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu Luapula, Luapula ziwa Mweru, kisha Luvua, Lualaba, mto Kongo wote, hadi Banana kwenye Atlantiki. Mlangoni mwa mto pale kuna korongo linaloanza ndani ya mto wenyewe na kushuka chini ya bahari. Januari 2020 tope lililolala humo liliporomoka, likakimbia zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya bahari na kukata nyaya za intaneti. Maji tuliyomuoshea tomsoni hapa Kenya yanarudi kwenye Atlantiki aliyotoka, ila yanapita kwanza kwenye mandazi ya watu.

Mambo ya kutumia: nenda Jumanne au Ijumaa, kabla ya saa tatu, kabla mlango haujafunguliwa mara mia na joto kuingia. Chukua katoni ya nyuma, si ya mbele. Igonge kwa kidole. Iliyo nzima inalia kama ubao. Tikisa, ukisikia samaki wanagongana mmojammoja ni vizuri, ukisikia kimya ni bonge, iache. Beba gunia la kufunikia njiani kama unapanda pikipiki, na dola isiyo na mchaniko.

Suala la mfereji nimemwambia kijana mara tatu. Mara ya mwisho alivua kofia ya koti, akaniangalia kwa heshima, akasema, "Mama, ile patron njo anajua." Patron, yaani mwenye duka, sijawahi kumwona. Nyota yake ninayo.